Madaktari wenzangu: tovuti zipi hasa mnazifungua kila siku, kazini na nyumbani?

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, heshima kwenu. Waliotangulia kazini, shikamooni.

Mimi ni daktari, nilimaliza intern mwaka jana, na miezi minne iliyopita nimeripoti kituo changu cha kwanza: hospitali ya wilaya, mkoa wa Dodoma. Kwenye karatasi tupo madaktari watatu. Mmoja yuko masomoni, kwa hiyo hesabu mnayo. Mke wangu ni mwalimu, yuko Morogoro na watoto wetu wawili, mmoja darasa la pili, mwingine ana miezi minane.

Nilipokuwa intern, kila swali gumu lilikuwa na bingwa wake ghorofa ya juu. Hapa bingwa ni mimi na feni. Simu yangu ina tovuti za udaktari kama 43 nilizozihifadhi tangu chuo, na sizioni faida yake. Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa miaka mitatu na degedege, saa nane usiku. Nilifungua kurasa tano kutafuta dozi ya diazepamu, moja ikasema 0.5, nyingine 0.3, nyingine ikaanza kunionyesha tangazo la viatu. Nesi ameshika bomba la sindano ananitazama. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila ile dakika sijaisahau.

Mtandao wetu unashika vizuri karibu na tangi la maji. Wodini, chini ya bati, unakuja na kuondoka kama mpangaji asiyetaka kulipa kodi. Bando nanunua la wiki.

Naomba mniambie zile chache mnazozitumia kweli kweli, siyo orodha ya mia. Na nyumbani pia, maana siku hizi ruhusa ni intaneti, tiketi ni intaneti, vitabu vya mtoto ni intaneti. Nikipata siku mbili za mapumziko, nusu ya siku ya kwanza inaishia kwenye simu.

---

Mama_Stetoskopu:

Marahaba mdogo wangu, na pole na zamu.

Nina miaka 19 kwenye hospitali za wilaya, tatu tofauti, na mbili kati ya hizo hata tangi la maji lenye mtandao hazikuwa nalo. Nianze na hilo degedege lako, kwa sababu nadhani kurasa zako hazikuwa zinapingana. MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, wanaandika diazepamu ya mtoto 0.5 mg kwa kilo ikipita njia ya haja kubwa, na 0.3 mg kwa kilo ikipita kwenye mshipa, tena polepole, dakika mbili au tatu. Ulisoma namba, ukaruka njia. Sikulaumu, saa nane usiku hata mimi naruka. Ila ndiyo maana sitaki tovuti tano, nataka moja ambayo jicho langu limeshaizoea, linajua dozi inakaa mstari gani.

Kwangu mimi hiyo moja ni miongozo ya MSF. Ipo kwenye tovuti yao bure, na ina programu ya simu ambayo ukishaipakua haihitaji mtandao tena. Humo kuna mwongozo wa tiba kwa jumla, kitabu cha dawa muhimu, cha uzazi na watoto wachanga, cha kifua kikuu. Imeandikwa na watu waliofanya kazi chini ya bati kama lako, kwa hiyo haikuambii upige MRI kabla hujaweka dripu.

Kabla yake, lakini, weka Mwongozo wa Taifa wa Tiba pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021. PDF hiyo ipakue ukiwa mjini. Ni nzito kuisoma kama kitabu, lakini hukuajiriwa kuisoma kama kitabu. Andika jina la ugonjwa kwenye kisanduku cha kutafuta, inaruka mpaka pale. Dawa iliyomo humo ndiyo utakayoikuta stoo. Ya tatu ni kitabu cha antibiotiki cha WHO cha 2022, kile kilichopanga dawa katika makundi matatu: za kuanzia, za kuchunga, na za akiba. Mimi kilinisaidia kuacha ugonjwa wetu wote wa kuandika seftriaksoni kwa kila anayepiga chafya.

Sasa jambo ambalo hutalikuta kwenye tovuti yoyote. Nikiwa kituo changu cha pili, usiku wa masika, aliletwa mama mwenye kifafa cha mimba. Mwongozo ninao, upo kwenye simu, simu ipo nyumbani inachajiwa kwa jirani mwenye sola. Dozi ya magnesiamu, dawa yake, nilikuwa naijua kwa kichwa, lakini kichwa cha saa tisa usiku si cha kuaminika. Nilisimama nikihesabu kwa vidole mbele ya wakunga wawili. Asubuhi yake nikaandika kwa mkono, karatasi kubwa, kalamu ya wino mzito: *Gramu 4 mshipani: chukua ml 8 za dawa ya asilimia 50, ongeza ml 12 za maji ya sindano, jumla ml 20, taratibu. Kisha gramu 5 kila tako.* Nikaipeleka steshenari ikawekewa nailoni, nikaibandika leba juu ya kabati la dawa za dharura. Nilishahama pale zamani. Nasikia bado ipo, ila mtu kaongeza kwa chini "pima mkojo, gonga goti, hesabu pumzi kabla ya dozi nyingine", na ana haki, nilisahau.

Kwa hiyo tovuti nzuri ni ile uliyoifungua mchana ukanakili unachokihitaji usiku. Degedege, kifafa cha mimba, sukari kushuka, dawa za kuamsha moyo. Karatasi nne, ukutani.

Umeme wa moyo: kama mnayo mashine ya ECG (sisi tuliletewa, ikakaa miezi mitatu kwenye boksi kwa sababu kila mtu alikuwa anaiogopa), fungua Life in the Fast Lane. Ni Waaustralia, wameanza 2007, na maktaba yao ya ECG ni bure. Mimi hujifunza chati moja kila Jumapili nikisubiri maharage yaive. Ndivyo nilivyokuja kumtambua mzee mmoja wa figo aliyekuja analalamika miguu haina nguvu: mawimbi ya T yamechongoka kama hema za sherehe. Maabara yetu siku hiyo haikuwa na kitendanishi cha potasiamu. Tulimpa kalsiamu kwa kuiamini chati, tukampeleka mkoani, na jibu la potasiamu la huko lilikuja 7.4.

Picha za eksirei na CT utaziona Radiopaedia. Ngozi, DermNet ya New Zealand, ambao siku hizi wana picha nyingi zaidi za ngozi nyeusi. Vitabu vyetu vya chuo vilitufundisha wekundu wa ngozi, wekundu ambao kwa mgonjwa wangu wa Kigogo siuoni hata nikiwasha tochi.

Halafu vikokotoo. Si kile cha mafao, tulia. MDCalc ndiyo ninayotumia. Lakini ngoja nikusimulie. Intern wangu mmoja, kijana makini kabisa, alinijia raundi akiwa na sura ya msiba. Mama wa miaka 54, kisukari, kreatinini (kipimo cha figo) 132. Alitafuta kikokotoo cha kwanza kilichotokea Google, akajaza, kikamjibu uwezo wa figo ni sifuri. Ameshawaita ndugu, ameshataja dayalisisi, shemeji mtu ameshaanza kupiga simu za mchango. Namwangalia mgonjwa: amekaa kitandani, anakula ugali na mlenda, ananiuliza ataruhusiwa lini. Figo sifuri, anakula ugali!

Maabara yetu inatoa kreatinini kwa mikromoli. Kile kikokotoo kilikuwa kimetegwa kwa miligramu. Gawanya 132 kwa 88.4 unapata kama 1.5, ukiijaza hiyo uwezo wa figo ni 41. Si mzuri, unahitaji kufuatiliwa, lakini hakuna wa kuchangiwa. Sukari nayo ni hivyo hivyo, kati ya milimoli na miligramu zidisha kwa 18. Tangu siku ile kila intern wangu anaandika kipimio kwanza, namba baadaye. Na kwa uwezo wa figo utumie fomula ya CKD-EPI ya 2021. Hiyo haikuulizi tena mgonjwa ni mweusi au la.

Kwa wanaonyonyesha, LactMed. Ipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, bure, unaandika jina la dawa inakuambia kiasi kinachopita kwenye maziwa. Hii ninaipenda kwa sababu ya hasira. Nimewaona kina mama wangapi walioambiwa waache kunyonyesha wiki nzima kwa ajili ya nifedipini, dawa ya presha ambayo kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno! Mtoto anawekwa maziwa ya kopo ambayo baba yake anakopa dukani. Aliyesema "acha" alikuwa anajilinda yeye.

Nimeitwa leba. Ya nyumbani nitarudi kuyamalizia.

---

Mfamasia_Mbishi:

Dada hapo juu umesema vizuri, ila umeniacha mimi nje ya mlango kama kawaida ya madaktari.

Mdogo wangu Zamu, kwanza: MSF ni nzuri, lakini usimwandikie mgonjwa wa bima dawa uliyoisoma kwa MSF bila kuangalia kama imo kwenye orodha yetu. Atakuja dirishani kwangu, nitamwambia haipo, na mimi ndiye nitakayeonekana mbaya.

Pili, mwingiliano wa dawa. Ukiwa na wagonjwa wa VVU, na unao, weka tovuti ya Chuo Kikuu cha Liverpool ya mwingiliano wa dawa za VVU, au programu yao ya simu. Unachagua ARV upande huu, dawa nyingine upande ule, inakupa rangi. Nyekundu acha, kijani endelea, katikati soma maelezo. Mifano mitatu niliyoikamata dirishani mwaka huu peke yake. Mgonjwa wa TLD (kidonge kimoja cha ARV chenye dolutegravia ndani) ameanzishiwa dawa za TB zenye rifampisini na hakuongezewa dolutegravia ya pili. Inatakiwa 50 mg mara mbili kwa siku, siyo moja. Mgonjwa wa kisukari yuko kwenye dolutegravia na metfomini ya gramu mbili, wakati haitakiwi ipite gramu moja kwa siku. Na mjamzito anameza TLD pamoja na vidonge vya madini ya chuma asubuhi akiwa na njaa. Huyo wa mwisho hakuna aliyekosea dawa, kakosea muda tu: ameze vyote pamoja na chakula, au dolutegravia itangulie saa mbili, au ifuate saa sita baada ya chuma. Sentensi moja ya dirishani, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Tatu, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wengi mnaijua ya kufunga maduka. Kwenye tovuti yao unatafuta kama dawa imesajiliwa, na unaripoti madhara ya dawa. Zamani ilikuwa lazima fomu ya njano ifike kwa posta, sasa unajaza kwenye simu. Jazeni, jamani. Na tahadhari za WHO za dawa bandia zisomeni: Oktoba 2022 walitangaza dawa nne za maji za watoto kule Gambia zenye sumu inayoua figo. Mimi ni baba, tangu siku hiyo sharubati ya kikohozi haiingii nyumbani kwangu. Mtoto akikohoa anapewa asali (amevuka mwaka mmoja, kabla hamjanirukia).

---

Mkunga_Mstaafu_Mtarajiwa:

Mimi si daktari lakini naomba niingie. Hizo zote mlizotaja ni za Kiingereza, na mama aliye mbele yangu anataka Kiswahili. Miongozo ya MSD ina toleo la Kiswahili la watu wa kawaida. Nikitaka kumweleza mama kisukari cha mimba ni nini, nasoma pale kwanza nione wameliitaje. Maneno mengine ni magumu kama ya bungeni, nayapindua kidogo, lakini mwanzo ninao.

Jingine nasema kwa uchungu. Msipige picha za wagonjwa na kuzitupa kwenye makundi ya WhatsApp "naomba msaada wa haraka". Nimeona sura ya binti wa kijijini kwetu, na jina lake kwenye faili linasomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Ukilazimika kuomba ushauri, funika sura, funika jina, omba ruhusa yake, na mtumie daktari mmoja unayemjua. Kundi la watu 256 si konsalti.

---

Omwami_Kakamega:

Salamu kutoka Kenya, madaktari. Nimesoma hiyo ya figo sifuri nikacheka hadi mgonjwa akaniangalia vibaya.

Sisi huku kwa watoto tunategemea ile miongozo midogo ya Wizara iliyotoka kwa kozi ya ETAT+ ya dharura za watoto. Dozi zimepangwa kwa kilo: unatafuta uzito, unafuata mstari. Inapakuliwa bure na hata ninyi mnaweza kuisoma, ila mfuate ya kwenu pale zinapotofautiana.

Kuhusu kazi na stakabadhi: leseni yangu iko kwa tovuti ya KMPDC, baraza letu la madaktari, na inataka pointi 50 za masomo kila mwaka. Mwaka wa kwanza niliziacha zote hadi Disemba, nikakesha nikifanya maswali ya mtandaoni kama mwanafunzi. Siku hizi ni kozi moja kila mwezi, na cheti nakituma hapo hapo. Ya nyumbani ni iTax tu, ya kodi, kabla ya Juni 30. Niliwahi kuchelewa siku moja. Mke wangu ndiye anashika nywila sasa.

---

Mama_Stetoskopu:

Nimerudi. Ni msichana, kilo 3.2, mama yake amempa jina la nesi wa zamu, mimi nimeambulia soda.

Mfamasia, nimekubali kofi. Hiyo ya Liverpool naijua, nilijisahau.

Kabla ya nyumbani, makala za utafiti. PubMed unaijua. Chuja zile zinazosomeka zote bure, utapata nyingi kuliko unavyofikiri. Zilizofungwa, Hinari. WHO waliianzisha 2002 na wachapishaji, kwa ajili ya nchi zetu hizi, na sasa imo ndani ya Research4Life. Siyo wewe unayejisajili, ni taasisi. Muulize mganga mfawidhi kama hospitali imesajiliwa. Kama haijasajiliwa, andika barua mwenyewe umpelekee asaini, maana ukimwachia yeye atastaafu kwanza. Neno la siri likija ni la watumishi wa hospitali. Usimpe shemeji yako anayeandika tasnifu.

Utaanza pia kupata barua pepe za majarida ya kitapeli. "Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako iliyotukuka." Mimi nimeitwa profesa wa mifugo, wa botania, na mara moja wa ujenzi wa madaraja. Ukichapisha kwao wanakutumia ankara ya dola. Kabla hujampa mtu makala yako, litafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, halafu pitia maswali ya Think. Check. Submit. Kuna mwenzangu alilipa, na sasa makala yake nzuri ya vifo vya wajawazito imelala kwenye tovuti isiyofunguka.

Na hizi programu za akili mnemba, najua mnazitumia, msinifiche. Mimi pia, kuandika barua za rufaa. Niliwahi kuiuliza mojawapo kuhusu dawa ya kuumwa na nyoka, ikanipa jibu tamu lenye marejeo ya jarida, mwaka na kurasa. Nikainakili ile anwani ya makala nikaibandika PubMed. Hakuna. Mwandishi yupo, jarida lipo, makala haijawahi kuandikwa. Tangu hapo haigusi dozi.

Haya, nyumbani. Likizo unaombea ESS, mfumo wa watumishi wa umma, na kazi zako za PEPMIS, zile za kupimwa utendaji, zipo humo humo. Mimi ninajaza Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikiwa na chai. Niliacha robo mwaka nzima mara moja, nikajikuta nakumbuka operesheni za Februari mwezi wa Mei.

Morogoro una bahati. Treni ya SGR ilianza abiria Dar na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai. Tiketi unakata kwenye tovuti ya TRC, shirika la reli, unalipa kwa simu. Pata basi la asubuhi mpaka Dodoma, panda treni, jioni unakula kwako. Ila kata mapema, Ijumaa na Jumapili watu ni wengi. Ukishapata ratiba ya zamu ya mwezi, kata siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakuomba mbadilishane.

Wa darasa la pili: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, unasoma bure. Mimi nilikuwa namsomea wangu kwa simu, yeye kafungua kitabu kule, mimi nimekifungua huku, tunakwenda ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa dakika 15 kabla ya raundi ya jioni. Siku nyingine aliniambia "mama, umesinzia", na kweli. Katuni za Ubongo pia, za Kiswahili safi, mdogo akikua.

Fedha: PSSSF Kiganjani, ya mfuko wetu wa pensheni, uangalie kama michango inaingia, usisubiri miaka 30. Na UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji, wanatangaza bei ya vipande kwenye tovuti yao. Mimi nilianza na elfu hamsini ya posho. Sisemi zaidi, mume wangu yumo humu.

---

Zamu_ya_Usiku:

Dada, Mfamasia, Mkunga, Kakamega, asanteni sana.

Nimefuta zile 43, nimebakiza tisa. Programu ya MSF nimeipakua chini ya tangi, ilichukua dakika arobaini na mbuzi wa jirani akala shati langu nililolitundika. Karatasi ya degedege nimeiandika, nimetenganisha njia ya haja kubwa na mshipa kwa rangi mbili. Nesi yule yule ameibandika mwenyewe. Hinari barua ipo mezani kwa mfawidhi. ECG yetu kumbe ipo, ilikuwa stoo nyuma ya magodoro.

Na tiketi ya Ijumaa nimekata. Mke wangu ametuma picha sasa hivi, mkubwa ana mabaka kichwani, nywele zimekatika kama zimenyolewa duara duara, yanachubuka. Jirani amempaka mafuta ya taa na limao.

---

Mama_Stetoskopu:

Mafuta ya taa waache leo hii. Picha hiyo usiiweke hapa, fungua DermNet ulinganishe na mapunye. Kama ndiyo, dawa ya kupaka peke yake haitoshi, anahitaji ya kumeza, griseofulvini, na dozi ni kwa uzito, wiki kadhaa. Waangalie na mdogo, na aliyekuwa anawanyoa.

Ana kilo ngapi?

---

Zamu_ya_Usiku:

Dada, sijui. Ngoja nimpigie mama yake.